Kipanya cha basi bila kadi yake: njia nne za kukiunganisha

Kipanya kizima, vitufe vinabofyeka vizuri, waya haujakatika popote. Kilichopotea ni kadi iliyokuja nacho. Hali hii huwapata watu wengi wanaopenda kompyuta za zamani, kwa sababu kipanya hutunzwa droo moja na kompyuta hutupwa na kila kilichomo ndani yake, kadi ikiwemo. Makala haya yanalinganisha njia nne za kukirudisha kazini. Zote zinafanya kazi. Zinatofautiana kwa jasho, kwa vifaa, na kwa kiasi gani cha kipanya chako kitabaki kama kilivyotoka kiwandani.

Ninaposema kipanya cha basi (kwa Kiingereza bus mouse) nina maana ya vile vya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambavyo havikuchomekwa kwenye poti ya siriali wala ya PS/2 (matundu mawili ya kawaida ya vipanya kabla ya USB), bali kwenye kadi yao wenyewe iliyokaa katika nafasi ya ISA (tundu refu la kadi za ziada ndani ya kompyuta za zamani). Microsoft walianza kuuza chao mwaka 1983, Logitech nao walikuwa na vyao, na baadaye ikaja kadi ya InPort yenye tundu la mviringo la pini 9.

Kwa nini adapta ya kawaida haisaidii

Fungua kipanya cha aina hii na utaona gololi inayozungusha rola mbili. Kila rola ina gurudumu lenye mianya, na gurudumu hilo hupita kati ya taa ndogo na vihisi viwili vya mwanga. Kutoka hapo hutoka ishara mbili kwa kila mhimili, tuziite A na B, zinazopishana kwa robo ya mzunguko. A ikitangulia, umesogea kulia. B ikitangulia, umesogea kushoto. Kwa mhimili wa juu na chini ni vivyo hivyo. Kipanya hakifanyi zaidi ya hapo. Hakihesabu hatua na hakitumi ujumbe wowote. Kuhesabu kulikuwa kazi ya kadi, kisha kadi ikaipa kompyuta jumla.

Kwa hiyo kila njia nitakayoitaja ni jibu la swali moja: ni nani atahesabu badala ya kadi? Vile vipande vidogo vinavyogeuza USB kuwa PS/2, au siriali kuwa PS/2, havina chochote ndani isipokuwa waya. Vilifanya kazi kwa vipanya vya baadaye kwa sababu vipanya hivyo vilijua lugha zote mbili. Cha basi hakijui hata moja.

Kuna hatari pia. Plagi ya mviringo ya pini 9 inafanana sana na ya PS/2 yenye pini 6, na ukiilazimisha utapinda pini. Baadhi ya vipanya vya basi vya mwanzo vina plagi ya pini 9 ya umbo la D, sawa kabisa na ya siriali kwa macho. Waya za siriali hubeba volti zinazoweza kufika 12 juu na 12 chini ya sifuri, na kipanya cha volti 5 hakikuumbwa kwa hayo. Kabla ya kuchomeka kitu chochote, hakikisha unajua ulichokishika.

Vigezo vya kupimia

Nimepima kila njia kwa mambo yale yale. La kwanza ni kompyuta unayotaka kuitumia, kwa kuwa ndiyo inayofuta baadhi ya njia moja kwa moja. La pili ni kazi yenyewe: vifaa, kulehemu, kuandika programu. La tatu ni uasili, yaani kama unaweza kurudisha kila kitu kilivyokuwa. La nne ni matumizi ya kila siku, jinsi mshale unavyotembea kwenye skrini na kama draiva (programu zinazoiwezesha kompyuta kukitambua kipanya) zipo. Mwisho ni nani anayefaidika.

Bei sikuiweka kwenye vigezo. Vitu hivi hupatikana kwa bahati kuliko kwa orodha ya bei, na kadi iliyokosekana mwaka mzima inaweza kukutwa kwenye sanduku la vyuma chakavu.

Kabla ya yote: tambua waya

Njia tatu kati ya nne zinakutaka ujue kila waya unabeba nini. Michoro ya pini ipo mingi mtandaoni, lakini watengenezaji hawakufuata mpango mmoja, kwa hiyo ninashauri upime mwenyewe hata kama umepata mchoro unaoonekana sahihi. Kazi hii haihitaji zaidi ya bisibisi na multimita.

Fungua kipanya na utafute chipu kubwa zaidi kwenye ubao. Katika vipanya vingi vya aina hii ni LM339, chipu ya miguu 14 yenye vilinganishi vinne ndani, kimoja kwa kila ishara: A na B za mlalo, A na B za wima. Kama ni hiyo, kazi imekuwa nyepesi. Mguu wa 3 ni umeme wa volti 5, wa 12 ni sifuri, na ishara nne zinatoka kwenye miguu ya 1, 2, 13 na 14. Weka multimita kwenye mlio, gusa mguu mmoja, kisha pitisha ncha ya pili kwenye pini za plagi hadi isikike. Andika. Rudia kwa inayofuata. Vitufe ni rahisi zaidi: upande mmoja wa kila swichi kwa kawaida umeungwa na sifuri, na upande wa pili unakwenda kwenye pini yake.

Jambo moja kuhusu LM339 limewachosha wengi. Matokeo yake yanaweza kuvuta ishara chini hadi sifuri, lakini hayawezi kuipandisha. Kuipandisha kulifanywa na rezista, na rezista hizo zaweza kuwa ndani ya kipanya au zilikuwa kwenye kadi iliyopotea. Kama hazimo kwenye kipanya, utapima na kuona ishara imelala kwenye sifuri muda wote, udhani kimekufa. Weka rezista ya kilo-omu 10 kati ya kila ishara na volti 5, zungusha rola kwa kidole polepole, na utaiona ikipanda na kushuka.

Njia ya 1: Kutafuta kadi nyingine

*Kompyuta.* Lazima iwe na nafasi ya ISA. Bodi nyingi ziliacha kuwa nayo kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo njia hii ni ya mashine za zamani tu.

*Kazi.* Hakuna kulehemu. Kuna kutafuta, na kuna kusoma vijumpa (vipande vidogo vya kuchomeka kwenye kadi ili kuchagua mipangilio yake). Kadi ya InPort ya Microsoft na za Logitech hazikufanana ndani, hivyo draiva ya moja huenda isiifae nyingine. Chukua kadi pamoja na draiva yake au hakikisha unaweza kuipata. Anwani ya kawaida ni 23C kwa hesabu ya heksadesimali, na IRQ (namba ya laini ambayo kadi huitumia kuiita kompyuta) huchaguliwa kati ya 2, 3, 4 na 5. Hapo ndipo penye mtego: IRQ 4 na 3 kwa kawaida ni za poti za siriali za kwanza na ya pili, na 5 mara nyingi imeshachukuliwa na kadi ya sauti. Mashine inayoganda mara tu draiva inapopakiwa kwa kawaida inalalamikia jambo hili, wala si kipanya kibovu.

Watu husahau pia kwamba baadhi ya kadi za picha za ATI, kama VGA Wonder, zilikuwa na tundu la kipanya cha basi mgongoni. Anayetafuta kadi ya kipanya peke yake huipita bila kujua. Mimi ningetazama kwanza kadi za picha zilizopo nyumbani kabla ya kununua chochote.

*Uasili.* Kamili. Hukugusa kipanya wala waya wake.

*Matumizi.* Ni yale yale ya enzi hizo. Kadi ya InPort inaweza kuamsha kompyuta kuanzia mara 30 hadi 200 kwa sekunde, hivyo mshale unateleza vizuri. DOS na matoleo ya Windows ya wakati huo yanaitambua kwa draiva za zamani. Kumbuka tu kwamba draiva ya CuteMouse, ambayo wengi huitegemea kwenye DOS, ni ya siriali na PS/2.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya 286, 386 au 486 anayetaka iwe kama ilivyokuwa, na ambaye anaweza kusubiri.

Njia ya 2: Maikrokontrola ya kutoa USB

*Kompyuta.* Yoyote yenye USB inayotambua kipanya cha kawaida. Haihitaji draiva.

*Kazi.* Hapa kadi inabadilishwa na ubao mdogo wenye maikrokontrola (chipu ndogo unayoiandikia programu) unaohesabu ishara na kujitambulisha kwa kompyuta kama kipanya. Chaguo la ubao ni muhimu. Arduino Leonardo, na mbao nyingine zenye chipu ya ATmega32U4, zina USB ndani ya chipu yenyewe, na Leonardo hufanya kazi kwa volti 5 sawa na kipanya. Rezista za kuvuta juu zimo humo humo, unaziwasha kwa mstari mmoja wa programu. Arduino Uno ya kawaida haifai moja kwa moja, maana chipu yake kuu haina USB.

Raspberry Pi Pico ina nguvu zaidi na sehemu yake ya PIO inaweza kuhesabu ishara hizi bila kuchosha programu kuu, lakini pini zake ni za volti 3.3. Kama matokeo ya kipanya ni ya LM339 na hakuna rezista ndani inayoyavuta hadi volti 5, unaweza kukipa kipanya volti 5 na kuzivuta ishara hadi 3.3 tu, mambo yakaenda. Kama rezista za volti 5 zimo ndani, weka kigeuza volti katikati. Pima kwanza. Pini ya Pico iliyopigwa volti 5 haikupi onyo.

Kwenye programu, kosa la kawaida ni kusoma ishara ndani ya mzunguko wenye kusubiri. Fanya hesabu: kipanya cha hatua 400 kwa inchi kikisukumwa inchi 10 kwa sekunde kinatoa mabadiliko 4,000 kwa sekunde kwenye mhimili mmoja. Ni badiliko moja kila maikrosekunde 250. Programu inayolala milisekunde 10 inakosa mabadiliko 40, na mshale unaruka au unarudi nyuma. Tumia ukatizaji wa pini (badiliko la pini linaisimamisha programu kwa muda ili lihesabiwe), au taima inayosoma haraka, kisha tuma jumla kwa USB kila baada ya milisekunde chache. Njia safi ya kuhesabu ni jedwali la nafasi 16: hali ya zamani ya A na B pamoja na hali mpya vinakupa jibu la +1, -1 au 0. Mpangilio sahihi ni 00, 01, 11, 10, halafu unarudi mwanzo; ukiona hali imeruka kutoka 00 kwenda 11, hesabu 0 na uendelee. Vitufe navyo vipe milisekunde tano hadi kumi za kutulia, la sivyo mbofyo mmoja utahesabiwa mara mbili.

*Uasili.* Inategemea unavyounganisha. Ukipata soketi inayopokea plagi ya asili, kipanya hakiguswi. Soketi za mviringo za pini 9 ni adimu kuliko za pini 6, na hapo ndipo watu hushawishika kukata waya. Usikate. Katika vipanya vingi waya umechomekwa kwenye ubao wa ndani kwa kiunganishi kidogo. Uchomoe, uuhifadhi, uweke waya mpya mahali pake. Ubao mdogo wa ATmega32U4 waweza hata kuingia ndani ya kasha, kukiwa na nafasi mbele ya gololi.

*Matumizi.* Mazuri, ila jizoeze na mwendo wake. Hatua 200 au 400 kwa inchi zilitosha kwa skrini za wakati ule. Kwenye skrini kubwa ya leo mkono utasafiri sana. Unaweza kuzidisha hatua kwenye programu, lakini ukizidisha kwa tatu mshale nao unaruka nukta tatu tatu. Ni afadhali kuongeza kasi kwenye mipangilio ya kompyuta na kukubali kwamba kazi ya nukta moja moja itahitaji utulivu wa mkono.

*Inamfaa nani.* Anayekipenda kipanya chenyewe, uzito wake na mlio wa vitufe vyake, na anataka kukitumia kwenye kompyuta ya leo. Mwenye kuogopa kuandika programu asiikimbie haraka: mifano ya kusoma ishara za namna hii ni mingi, na kanuni ni ile ile ya vitufe vya kuzungusha.

Njia ya 3: Maikrokontrola ya kutoa siriali au PS/2

*Kompyuta.* Ya zamani isiyo na kadi wala nafasi ya ISA iliyo wazi, kompyuta ndogo za mkononi za wakati huo zikiwemo.

*Kazi.* Kuhesabu ni kule kule kwa njia ya 2. Kinachobadilika ni lugha ya kutoa. Siriali ya Microsoft ni rahisi kuandika: biti 1200 kwa sekunde, biti 7 za data, hakuna pariti, baiti tatu kwa kila ripoti, na herufi M hutumwa kompyuta inapoinua laini ya RTS (mojawapo ya waya za udhibiti za siriali). Utahitaji chipu kama MAX232 ya kubadili volti. Umeme ndio shida: vipanya vya siriali viliiba umeme kidogo kutoka RTS na DTR (waya nyingine ya udhibiti), na hiyo haitoshi kuwasha taa za kipanya cha zamani pamoja na maikrokontrola. Wengi huchukua volti 5 kutoka tundu la kibodi.

PS/2 haihitaji kubadili volti na ina umeme wake, lakini mazungumzo yake ni ya pande mbili. Kompyuta hutuma amri, na kipanya lazima kijibu kwa wakati. Baada ya kuanzishwa upya kinapaswa kujibu AA kisha 00, la sivyo mashine inaamua hakuna kipanya. Zima kompyuta kila unapochomeka au kuchomoa.

*Uasili.* Sawa na njia ya 2.

*Matumizi.* Siriali ya 1200 inaruhusu ripoti zisizozidi 44 hivi kwa sekunde, na jicho linaona mshale ukienda kwa vipande. PS/2 huanza na ripoti 100 kwa sekunde na ni laini zaidi. Draiva si tatizo, kwani CuteMouse inazijua zote mbili.

*Inamfaa nani.* Aliyeshaijaribu njia ya 2, au mwenye mashine ya zamani ambayo kadi yake haipatikani. Kwa anayeanza, ningesema afanye USB kwanza ili ajue kuhesabu kunafanya kazi, ndipo abadilishe lugha.

Njia ya 4: Mashine inayohesabu yenyewe

*Kompyuta.* Commodore Amiga na Atari ST, na hata Macintosh za mwanzo hadi Plus. Zote zilipokea ishara ghafi za aina hii kwenye tundu la pini 9, na kompyuta yenyewe ndiyo iliyohesabu.

*Kazi.* Kupanga waya upya, hakuna programu. Mpangilio wa Amiga si wa Atari ST ingawa plagi zinafanana, kwa hiyo fuata mchoro wa mashine yako hasa. Mshale ukienda kinyume, badilisha A na B za mhimili huo.

*Uasili.* Mzuri ukitumia kipande cha katikati chenye soketi na plagi.

*Matumizi.* Kama kipanya cha asili cha mashine hiyo. Macintosh itatumia kitufe kimoja tu.

*Inamfaa nani.* Mwenye mojawapo ya mashine hizo. Kwa mwingine haina maana kuitafuta.

Ipo pia tabia ya kutoa vilivyomo ndani na kuweka vya kipanya kipya cha mwanga ndani ya kasha la zamani. Sikuihesabu kwa sababu kinachounganishwa mwishoni si kile kipanya tena. Kama kilicho ndani kimeharibika kabisa, inaeleweka. Kumbuka tu kwamba lenzi ya kihisi hutakiwa kukaa takribani milimita 2.4 juu ya meza, na ukiikosea mshale hautembei.

Kwa hali yako

Una 386 na nafasi ya ISA iko wazi: tafuta kadi, na uanzie kwenye kadi zako za picha. Ukiwa unasubiri, kipanya chochote cha siriali kitakusogeza.

Unataka kukitumia kwenye kompyuta ya kazi ya kila siku: njia ya 2, kwa ubao wa volti 5 kama ndiyo mara yako ya kwanza. Pico iwe ya anayeshika multimita bila wasiwasi.

Kompyuta ni ya zamani lakini ISA hakuna: njia ya 3. Kama ina PS/2 na unajua kuandika programu yenye kujibu kwa wakati, chagua hiyo. Kama ina siriali tu, panga umeme kabla ya programu.

Hujaamua bado utakitumia wapi: tengeneza soketi ya kipanya upande mmoja na pini za kawaida upande wa pili, ukiziandika majina. Upande huo wa pili utapokea Leonardo leo, na plagi ya Amiga siku ukiipata.

Kipanya si chako, au ni cha makumbusho: njia ya 1, au ya 2 kwa soketi tu, na ubao wote ubaki nje ya kasha. Ukikifungua ili kutambua waya, piga picha ubao pande zote mbili kabla ya kuchomoa chochote, na michoro uliyoandika uiweke pamoja na kipanya ndani ya mfuko mmoja.